Vitwitwi wawili wa mchanga: anza na mdomo

Maji yakipwa katika hori ya Mida, karibu na Watamu, matope hujaa ndege wadogo wa rangi ya mchanga. Hukimbia hatua chache, husimama ghafla, hudonoa, kisha hukimbia tena. Wengi wetu pwani tunawaita vitwitwi tu. Lakini kundi moja mara nyingi lina aina mbili zenye undugu, mkubwa na mdogo, na hata wahesabu ndege wazoefu huzichanganya.

Ukubwa hausaidii sana. Mdogo ana sentimita 18 hadi 21, mkubwa 22 hadi 25, na ndege akisimama peke yake jicho hudanganyika. Tazama mdomo. Pima kwa macho kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho. Mdomo wa mkubwa hupita kipimo hicho, tena ni mnene. Wa mdogo hulingana nacho au hupungua, na ncha yake ni butu. Kisha miguu: ya mkubwa ni mirefu, ya kijivu yenye umanjano au ukijani, ya mdogo hukaribia weusi. Kama imepakaa matope, subiri avuke kidimbwi.

Mdomo huo mnene una kazi. Nimemtazama mkubwa akimchomoa kaa shimoni, akamtikisa mpaka miguu ikadondoka mmoja mmoja, ndipo akammeza. Mdogo naye hula kaa, ila wadogo zaidi, pamoja na minyoo na wadudu.

Wote ni wageni kutoka Asia, wanaotufikia kuanzia Agosti. Mkubwa hutaga katika nyika kame na majangwa, kutoka Uturuki hadi Mongolia. Mdogo tunayemwona huku hutaga katika milima mirefu ya Pamir na Tibet. Mwaka 2023 orodha kuu za ndege duniani zilimtenga na ndugu yake wa Siberia, kila mmoja akawa aina yake.

Kufikia Aprili vifua vyao hugeuka rangi ya kutu, na ndipo huhitaji utulivu zaidi, kwa kuwa wanaweka mafuta ya safari. Bamvua likijaa, husongamana kwenye kipande kidogo cha mchanga mkavu. Kila wakirushwa, mafuta hayo huungua. Tafadhali mfunge mbwa wako na upite mbali nao. Ukitaka kuwaona vizuri, keti chini na darubini yako maji yanapoanza kupwa. Watakusogelea wenyewe.