Nahau za Kiingereza: ni nini hasa, na mwanafunzi wa shule ya kati afundishweje

Nahau ni fungu la maneno ambalo maana yake huipati kwa kujumlisha maana ya neno mojamoja. Mwanafunzi anaweza kujua kwamba "spill" ni kumwaga na "beans" ni maharage, na bado akakwama kwenye sentensi "He spilled the beans", kwa sababu hapo hakuna maharage wala kumwaga: jamaa ametoa siri. Maneno yote anayajua, sentensi haimwingii. Hali hiyo humchanganya mtoto kuliko neno gumu, maana neno gumu angalau linajitangaza. Nahau hujificha ndani ya maneno rahisi, naye hupita juu yake akidhani ameelewa.

Sisi wenyewe tunazo tele. Tunakula njama, tunapiga moyo konde, tunatia chumvi, na hakuna anayeukumbuka mtungi wa chumvi anapoambiwa kwamba fulani hutia chumvi katika habari zake. Kwa hiyo dhana yenyewe si ngeni kwa mwanafunzi anayezungumza Kiswahili, na mwalimu wa Kiingereza angeanzia hapo. Waulize watoto nini maana ya "mkono wa birika". Wakishajibu kwamba ni mtu mchoyo, waulize birika liko wapi katika jibu lao. Dakika mbili za mazungumzo hayo hueleza dhana ya nahau kuliko fasili ya kitabuni.

Nahau itenganishwe na methali mapema. Methali ni kauli kamili inayobeba hekima au onyo, na husemwa ilivyo: "The early bird catches the worm." Nahau ni kipande tu cha sentensi. Inahitaji mtenda, inahitaji njeo (wakati wa kitenzi), inaingia katika habari ya mtu: "She broke the ice", "They will break the ice", yaani kuwaondolea watu ugeni ili wazungumze. Mwanafunzi asiyejua tofauti hii hujaribu kuisimamisha nahau peke yake, au huibadilisha methali ambayo haikuumbwa ibadilishwe.

Tunaposema shule ya kati tunawazungumzia watoto wa miaka 11 hadi 14 hivi. Umri huo unafaa. Tafiti za Marilyn Nippold, msomi wa Marekani aliyechunguza lugha ya vijana, zinaonyesha kwamba uwezo wa kuelewa nahau hukua polepole na huendelea kukua hadi ujanani, na kwamba nahau ambazo picha yake inakaribiana na maana huwahi kueleweka kuliko zile zilizofungika kabisa. Viwango vya elimu vya Common Core vilivyotolewa Marekani mwaka 2010 vinamtaka mwanafunzi awe ameanza kueleza nahau na methali za kawaida tangu darasa la 4 na la 5. Hao wengi wao wamezaliwa ndani ya Kiingereza. Anayekisoma kama lugha ya pili au ya tatu anastahili subira zaidi.

Ugumu wa nahau kwa mgeni wa lugha unategemea sana lugha aliyokuja nayo. Mwaka 1986 Suzanne Irujo alichapisha utafiti kuhusu wazungumzaji wa Kihispania waliokuwa wakijifunza Kiingereza. Nahau zilizofanana kabisa katika lugha zote mbili ziliwapa shida ndogo. Zilizotofautiana kabisa ziliwashinda. Zilizokaribiana walizielewa, lakini walipojaribu kuzitumia walizichanganya na za kwao. Naona jambo lilelile kwa watoto wetu. "Crocodile tears" haina shida, kwa sababu machozi ya mamba tunayajua. "Turn a blind eye" nayo iko karibu na kufumbia macho. "Under the weather", yaani kujisikia vibaya kiafya, haina pa kushika, hivyo mtoto atalazimika kuikariri tu.

Hatari iko katikati. Anayejua "kumwaga mtama kwenye kuku wengi" ataielewa "spill the beans" upesi, kisha kwenye insha yake ataandika mtama. Kuna hatari kubwa zaidi: nahau zinazofanana kwa sura na kuachana kwa maana. Mwanafunzi anataka kusema kwamba mwalimu alimvunja moyo, yaani alimkatisha tamaa, anaandika "My teacher broke my heart." Sarufi iko sawa na tahajia iko sawa, lakini msomaji wa Kiingereza anapata habari ya huzuni kubwa, mara nyingi ya mapenzi. Alichohitaji ni "discouraged me". Vivyo hivyo mwenye kichwa chepesi kwetu ni mwepesi wa kuelewa, ilhali "light-headed" ni mtu mwenye kizunguzungu. Mwenye mkono mrefu kwetu ni mwizi, na "the long arm of the law" ni mkono wa sheria unaomfikia huyo mwizi popote alipo. Ningekuwa na muda wa somo moja tu kwa muhula, ningelitumia kwa jozi za namna hii, kwa sababu ndizo kosa ambalo mwanafunzi hawezi kuligundua mwenyewe.

Kisha kuna umbo. Nahau nyingi hazikubali kuguswaguswa. "The old man kicked the bucket" maana yake mzee amekufa; ukiigeuza ikawa "The bucket was kicked by the old man", maana ya kifo inapotea na inabaki ndoo ya kweli iliyopigwa teke. Lakini "The beans were spilled" inakubalika. Sababu ni kwamba katika "spill the beans" kila neno lina mwenzake kwenye maana: kumwaga ni kutoa, maharage ni siri. Katika "kick the bucket" ndoo haisimamii kitu chochote. Mtoto wa miaka 13 anaweza kuelewa hoja hii akipewa mifano miwili sambamba, na akishaielewa ataacha kuziona nahau kama vituko visivyo na utaratibu.

Hiyohiyo "kick the bucket" inafundisha jambo la tatu, adabu ya matumizi. Ni kauli ya mtaani tangu zamani. Francis Grose aliiweka mwaka 1785 katika kamusi yake ya lugha ya watu wa kawaida. Kuiandika katika salamu za rambirambi ni sawa na kumwambia mfiwa kwamba baba yake amekata kamba. Kiingereza kina "pass away" kwa nafasi hiyo, kama sisi tulivyo na kuaga dunia. Orodha za nahau zinazogawiwa darasani mara nyingi huandika "to die" mbele ya zote mbili na kuishia hapo, na hilo linaniudhi, kwa sababu linamwacha mtoto aje kuaibika mbele ya watu.

Tuichukue nahau moja, "get cold feet", tuone inavyoweza kufundishwa. Usianze na maana. Anza na habari fupi ubaoni: "Sara practised her speech all week. Five minutes before the debate she got cold feet and hid in the toilet." Waulize: Sara alikuwa tayari? Mdahalo ulikuwa bado? Kwa nini amejificha? Mtoto atafika mwenyewe kwenye wazo la kunywea dakika za mwisho, na maana aliyoitafuta hudumu kuliko aliyopewa. Sasa ipime kwa mfano usiofaa: mtu anaogopa nyoka aliyemkuta njiani ghafla, je, naye "got cold feet"? Hapana. Nahau hii inataka jambo ambalo mtu alishaamua kulifanya, kisha ujasiri ukamwisha. Mpaka huo ndio unaokosekana kwenye orodha. Halafu umbo: ni "feet", si "foot", hata kama aliyeogopa ni mmoja, haichukui "the", na kinachobadilika kwa wakati ni "get" peke yake. Mwisho kila mmoja aandike sentensi mbili kuhusu mtu anayemjua, moja ya kuandaa hali na moja yenye nahau. Sentensi moja haitoshi, kwa kuwa "John got cold feet" haionyeshi kama mwandishi anajua anachosema.

Michoro watoto wanaipenda, na mimi sina ugomvi nayo, ila asichore miguu ndani ya barafu akaishia hapo. Upande wa pili wa karatasi amchore Sara amejificha. Akichora maana ya juujuu peke yake, ndiyo itakayomkaa.

Kueleza chanzo cha nahau nako husaidia kumbukumbu. Frank Boers na wenzake wamelionyesha hilo katika tafiti zao. "Learn the ropes", yaani kujifunza namna kazi inavyofanywa, inakaa vizuri kichwani ukijua kwamba baharia mgeni kwenye jahazi kubwa ilimbidi ajifunze kila kamba ya tanga inavuta nini. "Burn your bridges" inajieleza: askari akishavuka mto na kuchoma daraja nyuma yake, hana pa kurudi. Lakini mwalimu awe mwangalifu, kwani hadithi za vyanzo ni nyingi na nyingine ni za kutunga. Ile inayodai kwamba "raining cats and dogs", yaani mvua kubwa sana, ilitokana na wanyama waliokuwa wakiteleza kutoka paa za nyasi wakati wa mvua haina ushahidi. Tunachoweza kusema ni kwamba mwandishi Jonathan Swift aliitumia katika maandishi yake ya mwaka 1738, na kwamba chanzo chake hakijathibitishwa.

Nahau hiyohiyo ya paka na mbwa inaleta swali la uteuzi. Vitabu vinaipenda kwa sababu inachekesha, lakini mtu anaweza kukaa na wazungumzaji wa Kiingereza msimu mzima wa mvua asiisikie. Wakati huohuo "make up your mind" (kuamua), "keep an eye on" (kuangalia), "in the long run" (hatimaye) na "call it a day" (kukomea hapo kwa leo) ziko kila mahali, hazina rangi, na hakuna anayezifundisha. Ningeanza na hizi. Tatu au nne kwa wiki zinatosha, zitoke kwenye hadithi ambayo darasa linaisoma tayari, na zirudi wiki inayofuata ndani ya habari nyingine. Zile za kupendeza zije baadaye, na nyingi kati yake mwanafunzi atakiwe kuzitambua tu anaposoma, asilazimishwe kuziandika. Insha iliyojazwa nahau ili kumfurahisha msahihishaji husomeka vibaya katika lugha yoyote.

Katika mtihani, kuoanisha nahau na maana kwa mistari hupima kukariri. Mpe badala yake sentensi tatu zenye "get cold feet", mbili sahihi na moja ambayo nahau haifai, aitafute na aeleze kwa nini. Anayeweza kueleza kwa Kiswahili apewe alama zake, kwa sababu kinachopimwa hapo ni kama ameielewa nahau, na ufasaha wa kujieleza kwa Kiingereza una swali lake mahali pengine kwenye karatasi hiyohiyo.