Kumrudisha kocha wa zamani: haya mnayoniambia siyo kweli

Nashauri familia hapa Marekani ambazo vijana wao wanatafuta skolashipu za futiboli ya Kimarekani, na kila chuo kikimrudisha kocha wake wa zamani napigiwa simu ileile: "mtoto asaini huko, timu inarudi juu." Nimechoka kuisikia, ngoja niandike.

DHANA: Alishinda hapa, atashinda tena hapahapa

Hii ndio inaniudhi kuliko zote. Chukua UCF, Chuo Kikuu cha Central Florida, na kocha wake Scott Frost. 2015 timu ilimaliza 0-12, yaani ushindi sifuri na vipigo 12, yeye akaja 2016, 2017 wakaenda 12-0 mpaka Peach Bowl, moja ya mechi kubwa za mwisho wa msimu, wakakifunga chuo cha Auburn 34-27 tarehe 1 Januari 2018. Akahamia chuo cha Nebraska na karibu benchi lake lote la ufundi, akaambulia ushindi 16 na vipigo 31, Septemba 2022 akafukuzwa. Desemba 2024 UCF wakamrudisha na watu wakaanza kuhesabu vikombe. Sasa niambieni, zaidi ya yeye mwenyewe kimerudi nini? Shaquem Griffin, yule mlinzi asiye na kiganja cha kushoto aliyewatesa Auburn siku ile, alisajiliwa na kocha aliyetangulia, na alishamaliza chuo. McKenzie Milton, kwotabeki wao, yaani mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, alirudi kama kocha wa makwotabeki, siyo kucheza. Konferensi yenyewe, yaani kundi la vyuo wanaloshindana nalo, siyo ile, wakati ule walikuwa kwenye konferensi ya American, tangu 2023 wako Big 12 ambako wapinzani wana vijana wazito zaidi mstari wa mbele na mechi ya kupumulia huipati.

Alafu sheria. 2017 kijana akihama chuo kwa kawaida alikaa nje msimu mzima, siku hizi anahama na kucheza moja kwa moja, na tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kulipa wachezaji vyenyewe, mwaka wa kwanza mwisho kama dola milioni 20.5 kwa michezo yote ya chuo. Kocha aliyesifika kwa kulea kijana miaka minne leo anaporwa kijana huyohuyo akiwa ndio kwanza ameiva. Kwa hiyo mzazi, habari za 2017 achana nazo, uliza nani atamfundisha mwanao kwenye nafasi yake kila siku na mkataba wa huyo msaidizi unaisha lini. Hilo nalisema kwa kila familia na bado halifuatwi!

DHANA: Hakuna aliyerudi akafanikiwa

Yupo. Kocha Bill Snyder aliikuta timu ya chuo cha Kansas State 1989 ikiwa imecheza mechi nyingi mno bila ushindi, akaijenga, akastaafu 2005, akarudi 2009 na 2012 akachukua ubingwa wa Big 12. Mfumo wake ulitegemea vijana wa vyuo vya miaka miwili ambao wakubwa hawakuwataka, na hao aliporudi walikuwepo bado.

DHANA: Mashabiki wanampenda, atavumiliwa

Kocha Bobby Petrino alikuwa na ushindi 41 na vipigo 9 awamu ya kwanza kwenye chuo cha Louisville. Awamu ya pili akawa na kwotabeki Lamar Jackson aliyebeba Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, 2016, Novemba 2018 timu ikiwa 2-8 akaonyeshwa mlango.

DHANA: Ni nafuu, anatujua

Nafuu wapi? Kumuondoa huyo Petrino tu kulikuwa na fidia ya kama dola milioni 14, na anayekuja anataka bei ya soko na hela ya wasaidizi wake juu.