Usiku wa kwanza si wa maswali

Jumanne simu yangu iliita saa sita kasorobo usiku. Mmoja wa wenyeji wetu wa Migosi hapa Kisumu, wanaojitolea kumlaza kwao kijana asiye na pa kulala, mama mkarimu kweli, alikuwa ananong'ona akiwa jikoni: "Dada, huyu kijana hataki kusema alikosana na nani kwao. Nitamlazaje mtu nisiyejua kisa chake?" Mwaka huu nimeulizwa hivyo mara nne. Naandika ili nisiulizwe ya tano.

Kijana wa dharura hulala kwako usiku mmoja, asubuhi nakuja kumchukua. Yanayopasa kuulizwa nimeshayauliza kabla hajafika mlangoni pako: jina, umri, jeraha, dawa, mtu mzima wa kupigiwa simu. Kwa Sheria ya Watoto ya 2022, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo namjulisha afisa wa watoto usiku huohuo. Namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, nayo haina malipo. Kazi hiyo ni yangu. Yako ni chakula, maji ya kuoga, mahali pa kulala na komeo upande wa ndani.

Kinachoniuma ni kwamba wanaowabana vijana kwa maswali ndio watu wenye huruma. Wanaona kutouliza ni kutojali. Lakini mtoto aliyekaa steji siku tatu ameshahojiwa na makanga, askari wa kaunti, mama wa chai na mhubiri. Akisema kweli, anaogopa kurudishwa kwa yule aliyempiga. Kwa hiyo ana hadithi aliyokwisha kuitunga, na ukimkazania saa nne usiku atakupa hiyo. Kesho yake nikikaa naye, ataishikilia hiyohiyo. Ataibadilishaje, na ameshamwambia mtu aliyemlisha? Ataona haya. Ndiyo maana nakasirika: swali lako la usiku linanifungia mlango wa asubuhi.

Mzee mmoja wa karibu na Kibuye nilimpelekea mvulana aliyekataa kuvua viatu. Mzee aliona amedharauliwa, lakini akanyamaza. Ukivua kiatu barabarani, asubuhi hukikuti. Mvulana alikula ugali na omena huku mkono mmoja umezunguka sahani, akalala sakafuni kando ya kitanda, kiatu kimoja amekikumbatia. Asubuhi, kikombe cha chai mkononi, alitaja mwenyewe jina la kijiji chao. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Na nguo msizifue bila ruhusa! Kuna suruali ya kijana mmoja iliyofuliwa kwa upendo mtupu, kumbe mfukoni mna kikaratasi chenye namba ya shangazi yake wa Siaya. Wino wote uliishia kwenye beseni. Tulihangaika wiki mbili kumpata shangazi huyo.

Watu hunitajia Nightstop ya Uingereza, mpango wa wenyeji kama wetu, iliyoanza Leeds mwaka 1987 kwa vijana wa miaka 16 hadi 25. Ni mpango mzuri, na huko pia mwenyeji hufundishwa kwanza. Ila kijana hupewa chumba chake. Nyumba nyingi za Manyatta na Nyalenda ni chumba kimoja na pazia, na sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu zaidi ya 2,700 hapa Kisumu. Vitanda vyetu havitoshi, kwa hiyo siwezi kupoteza hata usiku mmoja kwa mahojiano.

Je, nina hakika kila mara? Hapana. Kuna msichana aliyeniambia ana miaka 18. Hakuwa na kitambulisho, na machoni pangu alikuwa wa 15, nikamjulisha afisa. Mwenyeji hakumuuliza lolote, kama nilivyoagiza. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa ameondoka, shuka amezikunja vizuri. Huenda neno moja la mama kwa binti lingemzuia. Huenda lingemfukuza saa tano usiku. Mpaka leo nalala nikiliwaza.

Mama wa Migosi nilimwambia amwonyeshe kijana choo, aache taa ya korido ikiwaka, amtajie saa ya chai, kisha aende akalale. Nilipofika saa moja asubuhi alinifungulia mlango kidole mdomoni. Kijana alikuwa bado amelala, na mama alikuwa ameichomoa redio ya wanawe kwenye umeme.