Mfuko Ukimwaga, Usikimbilie Maji

"Mfuko unamwaga? Kunywa maji mengi." Ushauri huu hutolewa na ndugu, na majirani, na (hapa ndipo uvumilivu unaponiishia) na watu waliovaa makoti meupe. Mwenye ileostomi (tundu lililofunguliwa tumboni ili utumbo mwembamba utoe uchafu kwenye mfuko uliobandikwa nje) anautii. Anamaliza chupa ya lita moja na nusu kabla ya saa sita mchana, mfuko unazidi kujaa majimaji, kiu inazidi, anajaza chupa nyingine. Jioni misuli ya miguu inamkaza, akisimama anaona kizunguzungu, mkojo ni kidogo na umekolea rangi. Kisha anaambiwa hakunywa maji ya kutosha!

Maji alikunywa. Kilichomwishia ni chumvi, na hesabu yake si ngumu. Kwa kawaida utumbo mwembamba hukabidhi utumbo mpana lita moja hadi moja na nusu za majimaji kwa siku, na utumbo mpana huyafyonza karibu yote. Ukiondolewa, au chakula kikitolewa nje kabla ya kuufikia, kazi hiyo haina wa kuifanya. Kila lita inayotoka kwenye stoma, yaani lile tundu la tumboni, huondoka na takribani milimoli 100 za sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi). Hizo ni kama gramu 6 za chumvi ya mezani, yaani kijiko cha chai kilichosawazishwa. Anayetoa lita mbili amepoteza vijiko viwili, naye anajaribu kuvirudisha kwa maji yasiyo na chumvi hata chembe.

Tena hayo maji yanaongeza hasara. Ukuta wa jejunamu, sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, huvuja. Kinywaji chenye sodiamu chini ya milimoli 90 hivi kwa lita kikifika pale, sodiamu hutoka mwilini kuingia ndani ya utumbo, na maji huifuata. Maji ya kunywa, chai na kahawa vyote vimo kwenye kundi hilo. Juisi na soda zina ubaya wa aina yake: sukari nyingi iliyomo huvuta maji kuingia utumboni. Vinywaji vya wanamichezo navyo, pamoja na sifa zote vinazopewa, sodiamu yake ni ndogo mno kwa kazi hii.

Sasa subira kidogo, maana kuna watu wakishasikia hayo wanageuka kuogopa maji kama sumu. Ileamu, sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, inaweza kufyonza sodiamu hata pale kinywaji kinapokuwa na kidogo. Kwa hiyo mtu ambaye ileamu yake imebaki karibu yote, stoma yake imetulia, na anatoa mililita 500 hadi 800 za uji mzito kwa siku, anywe maji kwa kiu yake na atie chumvi kwenye chakula bila kubana. Wa kudhibitiwa ni yule anayetoa majimaji mengi, hasa aliyekatwa kipande kirefu cha utumbo mwembamba. Mstari upo wapi? Wengine wanasema lita moja na nusu kwa saa 24, wengine mbili. Mimi sisubiri namba: anayetoa lita moja na robo huku misuli inamkaza na mkojo umepungua, kwangu ameshavuka.

Lakini namba tuipate kwa kupima, si kwa kukisia. "Nimemwaga mfuko mara nane" hakunisaidii kitu, kwa sababu kuna wanaomwaga ukiwa na vijiko vitatu na kuna wanaosubiri ukaribie kubanduka. Chukua jagi lenye alama za mililita, lisilotumika jikoni, mwagia humo kila mara, andika, jumlisha kuanzia asubuhi hadi asubuhi ya pili. Fanya hivyo siku mbili au tatu. Andika na mkojo ukiweza.

Namba ikiwa juu, vinywaji vyote vya kawaida (maji, chai, juisi, vyote kwa pamoja) vishushwe hadi nusu lita, au lita moja kwa walio na nafuu. Kiu inayobaki imalizwe kwa maji ya chumvi na glukosi. Mchanganyiko unaojulikana kwa jina la hospitali ya St Mark's ya London ni huu: glukosi ya unga gramu 20, chumvi gramu 3.5, magadi ya kuokea gramu 2.5, maji lita moja. Inatoka sodiamu ya milimoli 90. Glukosi haimo kwa ajili ya utamu. Inabebana na sodiamu kuvuka ukuta wa utumbo, na maji yanafuata.

Tafadhali pima kwa mizani ndogo ya jikoni. Maelekezo ya vijiko huharibu mchanganyiko huu kuliko kitu kingine chochote, kwani kijiko cha chai cha chumvi laini ni karibu gramu 6, na cha chumvi ya mawe ni kingine kabisa. Ukipunguza chumvi kwa sababu ya ladha, umerudi kulekule kwenye maji matupu. Ladha ni mbaya, sikatai. Weka kwenye friji, kunywa kwa funda ndogondogo kutwa nzima, kilichobaki baada ya saa 24 mwaga. Pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, wanaopewa wanaohara) za Shirika la Afya Duniani zina sodiamu ya milimoli 75 kwa lita tangu fomula ilipobadilishwa mwaka 2002. Kwa karatasi hazifiki 90, lakini wapo wanaotulia nazo vizuri, na sioni sababu ya kumnyang'anya mtu kinachomfaa. Mwenye shinikizo la damu, moyo au figo dhaifu, au kisukari, asianze haya peke yake.

Ukitaka ushahidi wa maabara, omba kipimo cha sodiamu kwenye mkojo. Ikiwa chini ya milimoli 20 kwa lita, mwili unaing'ang'ania kila chembe, hata kama sodiamu ya kwenye damu imesoma sawa. Majibu ya damu yaliyo "sawa" yamewarudisha wengi nyumbani wakiwa wamekauka. Magnesiamu nayo ipimwe.

Chakula sasa, na hapa nitakwenda mbio. Wali, viazi vya kuponda, mkate mweupe, ndizi mbivu na siagi laini ya karanga hufanya kinachotoka kiwe kizito. Maharage, kabichi, vitunguu na soda huleta gesi. Mayai, samaki na kitunguu saumu huleta harufu. Kiazisukari chekundu hutia rangi nyekundu, usikimbie hospitali kwa hilo tu. Kuruka mlo hakuukaushi mfuko, hubakiza majimaji na gesi. Mlo mkubwa ule mchana, wa jioni uwe mdogo na wa mapema, usiku utalala. Orodha hizi zote zimetokana zaidi na uzoefu wa wagonjwa kuliko na utafiti mzito, na ndiyo maana jirani yako wa wodini anakula kabichi bila shida nawe inakutesa. Jaribu kitu kimoja kipya kwa wakati, kidogo, kisha ngoja siku moja au mbili. Lile sharti la kutenganisha kula na kunywa kwa nusu saa nalitoa pia, ila sina hakika nalo, lisipokusaidia, liache.

Nyuzinyuzi ni habari nyingine. Maganda, mahindi, karanga nzima, uyoga, nazi, nanasi na ngozi za machungwa zinaweza kukusanyika na kuziba, hasa wiki 6 hadi 8 za mwanzo wakati njia bado imevimba. Baadaye wengi hula karibu vyote, mradi watafune mpaka kilainike kabisa. Meno yana kazi kubwa kuliko orodha yoyote niliyowahi kuiandika.

Dalili za kuziba: stoma imenyamaza saa 4 hadi 6, tumbo linasokota na kujaa, stoma imevimba. Mara nyingine hutoka majimaji machache yanayonuka, yanayopenya pembeni ya kilichoziba, na mtu hudhani ni kuhara akameza dawa ya kufunga. Usifanye hivyo. Wala usinywe dawa ya kulainisha choo. Acha chakula kigumu, badili mfuko wenye tundu kubwa kidogo kama stoma imetuna, oga maji ya uvuguvugu, lala ukivuta magoti kifuani, sugua tumbo taratibu. Ukitapika, au saa zikipita bila kutoka kitu, nenda hospitali, na njiani usinywe chochote.

Loperamaidi, dawa ya kupunguza mwendo wa utumbo, daktari akikubali na ikiwa hakuna maambukizi, humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Ikimezwa baada ya kula chakula kimeshaitangulia. Na chungulia mfukoni: ukiona kapsuli imetoka nzima, dawa hiyo hukuipata. Vidonge vya kuyeyuka taratibu na vyenye gamba la kulinda tumbo hupita hivyohivyo, kwa hiyo mwambie mfamasia una ileostomi kabla hajakufungashia chochote. Waliokatwa zaidi ya sentimita 60 hivi za mwisho wa ileamu hawafyonzi vitamini B12 vya kutosha na watahitaji sindano. Akiba ya ini huweza kuficha upungufu huo kwa miaka, basi kipimo kiombwe hata ukiwa unajisikia mzima.