Pasamalar (1961): filamu ya Kitamil inayoliza kwa hesabu ya deni

Watazamaji wengi wa filamu za Kihindi kwetu wamezizoea za Mumbai. Za Kitamil, lugha ya kusini mwa India, zinazotufikia siku hizi ni zile za ngumi na visasi, na kwa sababu hiyo utanzu mzito kuliko yote wa sinema ya Madras (jiji la Watamil, sasa Chennai), drama ya kifamilia, unatupita pembeni. Anayetaka kuuelewa aanze na Pasamalar, iliyotoka tarehe 27 Mei 1961. Ni ya nyeusi na nyeupe, imeongozwa na A. Bhimsingh, na mpaka leo jina lake hutajwa Watamil wanapozungumzia kaka na dada wanaopendana kupita kiasi.

Sifa yake ya kutoa machozi imewapotosha wengi, wakadhani inaliza kwa kurundika mikosi. Ukiitazama kwa makini utaona inaliza kwa hesabu: nani alimpa nani nini, na nani hajalipwa.

Rajasekaran (Sivaji Ganesan) na mdogo wake Radha (Savitri) ni yatima. Kaka ndiye aliyemlea dada. Hilo ni deni la kwanza. Anafanya kazi kiwandani pamoja na rafiki yake Anandan (Gemini Ganesan), kisha kiwanda kinafungwa kwa mgogoro wa wafanyakazi. Radha anatoa rupia 1,000 alizojiwekea kwa kutengeneza vichezeo na kumpa kaka aanzishe biashara ya vichezeo hivyo hivyo. Biashara inashika, kaka anatajirika. Zikumbuke hizo rupia 1,000. Kuanzia hapo kila mmoja anamdai mwenzake na kila mmoja anadaiwa, na hakuna atakayethubutu kutaja kiasi.

Deni la pili ni la urafiki. Anandan anapewa kazi katika kampuni ya rafiki yake, anampenda Radha, kisha anaongoza mgomo wa wafanyakazi kudai malipo bora. Mwandishi mvivu angemfanya laghai anayewinda mali. Kisa hiki, kilichobuniwa na K. P. Kottarakkara, kinampa haki upande wake, na papo hapo kinamkumbusha mtazamaji kwamba bosi aliyekasirika naye alikuwa mfanyakazi juzi tu. Radha yuko tayari kumwacha mpenzi kwa ajili ya kaka. Kaka anayasikia maneno hayo, na ni yeye anayeinama na kuwaoza.

Kosa linalobomoa nyumba linatendwa hapa, katikati ya furaha, na watazamaji wengi hawalioni. Baada ya harusi, Anandan na jamaa zake wanahamia kwa Rajasekaran. Kwa desturi ya huko bibi arusi ndiye huenda kwa mume. Mume anayeishi kwa shemeji yake heshima yake inapungua hata kama hakuna aliyemtukana. Rajasekaran naye anaoa daktari, Malathi (M. N. Rajam), kwa kusihiwa na dada yake, na sasa kuna wake wawili chini ya paa moja. Mama mmoja wa ukoo wa Anandan (M. S. Sundari Bai) anapoanza fitina, anapuliza tu kaa lililokuwa tayari linawaka. Waandishi wa tamthilia wanaoiga filamu za namna hii huteleza papo hapo: wanamchukua mama mfitini, wanamfanya injini ya kisa chote, wakaacha mpangilio mbaya wa nyumba uliompa nafasi. Matokeo yake mtazamaji anamchukia mtu mmoja badala ya kuwahurumia watu wanne.

Ukipata nafasi ya kurudia sehemu moja tu, rudia wimbo wa kubembeleza mtoto, Malarndhum Malaradha. Muziki ni wa Viswanathan na Ramamoorthy, maneno ya Kannadasan. Kaka na dada wameshatengana. Kila mmoja anambembeleza mtoto wake, kaka kwa sauti ya mwimbaji T. M. Soundararajan, dada kwa sauti ya mwimbaji P. Susheela, katika wimbo mmoja. Maneno yanaanza kwa upole wa kawaida wa kumlaza mtoto, kisha yanafika kwa mjomba atakayekuja na saa ya dhahabu na vito kuzungumzia ndoa. Bila kujua desturi, hilo ni pambo tu. Kwa Watamil wengi mjomba ana wajibu rasmi: mtoto hukaa mapajani pake siku ya kutogwa masikio, zawadi zake husubiriwa katika sherehe kubwa za mpwa, na mtoto wa kaka kuoana na mtoto wa dada huhesabiwa kuwa ndoa njema. Msikilizaji wa pwani yetu, anakojulikana mtoto wa mjomba kuwa mchumba halali, ataelewa upesi: wazazi wamegombana, lakini wimbo unaendelea kupanga harusi ya watoto wao. Halafu Susheela anaimba jinsi alivyofunikwa kwa bawa na kulelewa kama binti, na jinsi wakati usiotazamiwa ulivyoingia kati.

Kwa hiyo usiruke nyimbo. Nakala zenye tafsiri ya mazungumzo lakini si ya nyimbo zinakunyima nusu ya kisa. Tafuta tafsiri ya maneno ya huu mmoja kabla ya kuketi.

Mwisho unategemea sana uigizaji. Rajasekaran amepofuka baada ya kumwokoa mtoto katika moto wa fataki za Deepavali, sikukuu ya taa ya Wahindu, na anapomkuta dada yake anamwimbia kibwagizo cha watoto, Kai veesamma kai veesu, cha kurusha mikono. Sivaji alianzia kwenye tamthilia za jukwaani na hapa sauti yake inajaza chumba chote. Mtazame zaidi Savitri, anayebeba uzito kwa kusikiliza.

Bhimsingh mwenyewe aliirudia kwa Kihindi mwaka 1962 kama Rakhi, akiwa na Ashok Kumar na Waheeda Rehman, na jina likahamia kwenye uzi ambao dada humfunga kaka mkononi katika sikukuu iliyoota mizizi zaidi kaskazini. Mwaka huo huo ikatoka ya Kitelugu, lugha nyingine ya kusini mwa India, Raktha Sambandham, N. T. Rama Rao akiwa kaka. Dada ni Savitri tena, kwa hiyo ukiitazama hii na Pasamalar kwa mfululizo utaweza kulinganisha jinsi msikilizaji yule yule anavyomjibu kaka mwingine.