Hadithi za kijamii na hasira za watoto: yanayosemwa na yalivyo

Hadithi ya kijamii ni maandishi mafupi, pengine ukurasa mmoja wenye picha mbili tatu, yanayomweleza mtoto jambo moja linalomtaabisha: kungoja feri, kuchomwa sindano, kushindwa mchezoni. Humwambia jambo hilo huwa vipi, watu wengine hufanya nini na kwa nini, na yeye anaweza kufanya nini akihisi hasira au hofu inapanda. Aliyeanzisha mbinu hii ni Carol Gray, mwalimu wa Michigan, Marekani, mnamo 1991, kwa ajili ya wanafunzi wenye usonji (autism kwa Kiingereza), yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na mahusiano na watu. Huku kwetu wazazi na walimu wanaoisikia huwa tayari wana maoni yao, na mengi ya maoni hayo hayako sawa.

“Hizo si ngano tu? Tunazo tele”

Pwani hatuna njaa ya ngano. Paukwa, pakawa, na Sungura amekwisha mhadaa Fisi kabla taa haijazimwa. Ngano ni mali. Mtoto hupata humo lugha na subira ya kusikiliza. Ila ngano hupita njia ya mzunguko. Tukitaka mtoto asiwe mchoyo tunamsimulia ulafi wa Fisi, halafu tunatarajia yeye mwenyewe aunganishe Fisi na sahani ya mahamri iliyo mbele yake. Wako watoto wasiounganisha, hasa wenye usonji ambao wengi wao huyachukua maneno kama yalivyo. Wengine hubaki na jambo moja tu: kumwogopa Fisi.

Hadithi ya kijamii haizunguki wala haina mwovu wa kuadhibiwa mwishoni. Tuseme mtoto wa Majengo, Mombasa, hushtuka na kupiga mayowe kila aendapo kwa bibi yake ng’ambo ya Likoni. Hadithi yake inaweza kuwa hivi:

*“Jumamosi nyingine mimi na mama huenda kwa bibi. Tunapanda feri. Kabla ya kupanda huwa tunangoja pamoja na watu wengi. Wakati mwingine tunangoja kidogo, wakati mwingine tunangoja sana. Feri inaweza kupiga honi. Honi ina sauti kubwa ili watu na vyombo vingine vijue feri iko njiani. Watu wengine hawapendi sauti hiyo. Mimi naweza kuziba masikio, au kumshika mama mkono. Mama anajua kwamba honi hunishtua. Feri ikifika Likoni tunashuka, tunakwenda kwa bibi.”*

Hesabu sentensi zinazomwelekeza mtoto cha kufanya. Ni moja. Zilizobaki zinaeleza. Ndiyo kanuni ya Gray: sentensi za kueleza ziwe angalau maradufu ya zile za kuelekeza. Hapa ndipo watu wazima tunapoharibu kazi. Tukipewa karatasi tuandike hadithi, tunaandika amri: usilie, usisukume, keti vizuri, msikilize mama. Hayo mtoto ameyasikia tangu asubuhi, na kuyachapisha na kuyawekea picha ya feri hakuyageuzi kuwa hadithi.

Angalia tena “wakati mwingine tunangoja sana”. Ungeandika “tutapanda saa nne kamili”, kisha feri ichelewe, mtoto atakuwa na sababu mbili za kulia: umati, na ahadi iliyovunjwa.

“Mwambie haiumi, atatulia”

Atatulia mpaka sindano iingie. Uongo huu mdogo wa kliniki tunausema kwa mapenzi, lakini mara ya pili mtoto hamwamini muuguzi wala mama aliyemleta. Hadithi ya kijamii inayofaa ingesema sindano huuma kidogo, kwamba maumivu hupungua, kwamba chanjo husaidia mwili usipate ugonjwa, kwamba anaweza kutazama pembeni au kumkumbatia baba. Kulia pia anaruhusiwa. Na hapa namjibu babu anayesema mtoto wa kiume halii: shabaha si kumnyamazisha mtoto. Shabaha ni ajue kinachompata na awe na njia isiyomuumiza yeye wala mwenzake. Mtoto aliyelia kliniki bila kumpiga teke muuguzi amefanya kazi kubwa.

“Akianza kelele, mtolee hadithi umsomee”

La. Mtoto anayejigaragaza katikati ya soko la Marikiti, kelele na harufu za viungo zimemzidi, hawezi kusikiliza aya hata moja. Wakati huo mtoe kwenye kelele, punguza maneno, kaa karibu naye, mpe maji akiyataka. Hadithi husomwa akiwa ametulia: nyumbani kabla ya kutoka, au jioni baada ya chakula, na irudiwe siku kadhaa kabla ya jambo lenyewe.

Wala usiifanye adhabu. Ikiwa karatasi hutoka tu mtoto anapokosa, ataichukia kama anavyouchukia ufito. Gray alishauri kwamba angalau nusu ya hadithi ziwe za kumpongeza mtoto kwa lile analolifanya vizuri tayari, na sijui kwa nini ushauri huu ndio unaosahaulika kwanza. Kama hugombana na wenzake chuoni (madrasa) lakini husubiri zamu yake ya kusoma mbele ya maalim, mwandikie hadithi ya kusubiri zamu.

“Hizi ni za watoto wenye usonji peke yao”

Zilianzia kwao, na utafiti mwingi umefanywa kwao. Lakini hakuna mtoto wa miaka minne ambaye hafaidiki kwa kuelezwa mapema kwamba siku ya Idi nyumba itajaa wageni na kila mmoja atataka kumbusu. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia mtu kujizuia, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Huyo kondakta wa matatu anayetukana pale Buxton huenda bado anakua.

“Zinataka vitabu vya rangi na Kiingereza”

Zinataka kalamu. Andika kwa lugha anayolilia na kuchekea nyumbani, iwe Kimvita, Kigiriama au Kidigo. Picha ulizopiga kwa simu mahali penyewe, geti lenyewe na bibi mwenyewe, humfaa kuliko michoro ya watoto wa Ulaya wenye makoti.

“Nilimsomea, haikufanya kazi”

Huenda. Utafiti mkubwa uliofanywa katika shule za Uingereza kwa watoto wenye usonji haukuona mabadiliko ya maana katika uwezo wao wa kijamii kwa jumla. Ulichoona ni kwamba watoto waliosomewa walilifikia mara nyingi zaidi lile lengo moja waliloandikiwa. Kwa hiyo usiandike hadithi ya “kuwa na adabu”. Andika ya honi.

Na kabla ya kuandika, chunguza chanzo. Mtoto anayelia kila asubuhi mlangoni pa shule huenda anaonewa msalani, ana njaa, au jino linamuuma. Hapo karatasi haitaziba pengo. Kama milipuko ni mingi, anajiumiza, au usemi wake umechelewa, mpeleke akaangaliwe na daktari wa watoto. Hapa Kenya viko pia vituo vya serikali vya kutathmini mahitaji ya kielimu ya watoto, vijulikanavyo kama EARC, na mwalimu mkuu wa shule ya umma anaweza kukuelekeza. Nenda na hadithi ulizoandika. Zitamwonyesha mtathmini ni wapi hasa mtoto hukwama.