Weusi wa Fedha Si Uchafu: Namna ya Kusafisha Vito Nyumbani

Wengi wanaotuletea vikuku na vidani vya fedha katika karakana ya uhifadhi ya makumbusho huanza kwa kuomba radhi kwamba vimechafuka. Ule weusi si uchafu. Ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa, inayotoka hewani, kwenye mayai, sufu na mpira, ikageuka salfaidi ya fedha. Kwa hiyo anayesugua kwa dawa ya meno au jivu huondoa fedha pamoja na weusi, na hasara hiyo hairudi. Nimewahi kushika kikuku cha kale kilichong'aa kama kioo, lakini maua aliyoyachora sonara yalikuwa yamelika hata kidole hakiyahisi.

Anza kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na brashi ya nywele laini, kisha suuza na ukaushe vizuri kwa kitambaa cha pamba. Mara nyingi hiyo inatosha. Weusi ukibaki, tandika karatasi ya alumini ndani ya bakuli, laza kito juu yake kiiguse, nyunyiza kijiko kimoja cha soda ya kuokea keki kwa kila kikombe cha maji, kisha mimina maji ya moto. Alumini huinyang'anya fedha ile salfa, nayo fedha ikabaki mahali pake; harufu ya yai viza utakayoisikia ndiyo salfa inayotoka. Dakika chache zinatosha.

Hata hivyo, vito vyenye lulu, marijani, feruzi au gundi visilowekwe kabisa. Ninasihi zaidi kuhusu vito vya kale vya Oman na vya pwani yetu, ambavyo vingi vilifuliwa kwa riale za Maria Theresa (sarafu za fedha za Austria) zilizoyeyushwa, zile zenye mwaka 1780 na fedha takriban asilimia 83. Weusi uliotulia ndani ya mikato ndio unaoifanya nakshi isomeke, na kito kikitumbukizwa hutoka cheupe, bapa, kama bati. Futa sehemu zilizoinuka tu, polepole, na uyaache mabonde yalivyo.

Dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini isiguse fedha kamwe. Ukihifadhi, funga kito kwa kitambaa cha pamba kikavu ndani ya mfuko unaozuia hewa, wala usikizungushie raba, kwani huacha mstari mweusi hata ikiwa juu ya kitambaa.